Jengo linalojipima: darasa kutoka Empire State Building

Wadau, leo nawaletea darasa fupi la jinsi kompyuta zinavyosaidia kuendesha majengo makubwa. Mfano wangu ni Empire State Building ya New York, ghorofa 102, iliyofunguliwa 1931.

Mwaka 2009 wenye jengo walitangaza ukarabati wa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38 na kuokoa dola milioni 4.4 kila mwaka. Madirisha kama 6,500 yalitengenezwa upya humohumo ndani. Ila mimi nimevutiwa na haya ya kidijitali:

1. Vihisio vya hewa. Vinapima kabonidioksaidi tunayotoa tukipumua. Watu wakijaa, hewa safi inaongezwa, wakiondoka, inapunguzwa. Hakuna kupoza viti vitupu.

2. Mita za wapangaji. Kila mpangaji anaweza kuona kwenye intaneti umeme anaotumia.

Kwangu hiyo namba 2 ndiyo mzizi wa mambo. Bili ikigawanywa kwa ukubwa wa ofisi, anayezima taa na asiyezima wanalipa sawa. Sasa nani atajihangaisha? Kompyuta peke yake haiokoi hata senti, inaonyesha tu nani anatumia nini.

Kwa hiyo ukiambiwa jengo fulani ni la kisasa, usibabaike na skrini za mapokezi. Uliza: kila mpangaji ana mita yake? Nani anazisoma hizo namba, na akiona kasoro ana ruhusa ya kufanya nini?

Mafundi wa viyoyozi mliomo humu, karibuni mtuongezee.