Lugard, Bugufi na Mpaka Uliokata Kichwa cha Mila

Boma la Biharamulo lilijengwa na Wajerumani. Waingereza walipolirithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuja kutawala humo kwa fikra za mtu asiyetajwa sana katika historia ya Kagera: Frederick Lugard, aliyezaliwa Madras, India, mwaka 1858. Baba yake alikuwa kasisi wa jeshi. Mama yake, Mary Howard, alikuwa amekwenda India kwa kazi ya umisionari.

Kijana hakufuata madhabahu. Alishika bunduki, akajeruhiwa mwaka 1888 kule Karonga, kando ya Ziwa Nyasa, akipigana na wafanyabiashara ya watumwa. Desemba 1890 alifika Mengo akiwa mtumishi wa kampuni ya Waingereza, akamtia Kabaka Mwanga wa Buganda katika mkataba. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana hapo Mengo, silaha zake ndizo zilizowapa Waprotestanti ushindi. Baadaye akahamia utumishi wa Taji. Huko Nigeria ya Kaskazini, kuanzia 1900, aliwaacha masultani kwenye viti vyao ili wamtawalie watu. Mwaka 1922 aliyaweka mawazo hayo kitabuni, na Donald Cameron, aliyewahi kufanya kazi chini yake Nigeria, akaja nayo Dar es Salaam mwaka 1925 akiwa gavana. Sheria ya mamlaka za wenyeji ilifuata 1926.

Kwa juu juu, Biharamulo na Ngara zilionekana kama zimeumbwa kwa ajili ya mfumo huo. Watawala wa kwao walikuwapo tangu zamani: wapelelezi Waingereza Speke na Grant walipopita Rusubi, ufalme wa eneo hilo, mwaka 1861, mtawala Suwarora aliwachelewesha kwa madai ya hongo mpaka wakachoka. Kilichobaki ni kumpa mtawala wa namna hiyo mshahara, baraza la kuamulia kesi na daftari la kodi. Hapo, nadhani, ndipo alipogeuka karani wa Bwana DC, hata kama ngoma zake ziliendelea kulia.

Lakini Bugufi, nchi ya Wahangaza huko Ngara, ndiyo inayoumbua nadharia yote. Ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, na mtawala wake alikuwa na mkubwa wake, Mwami wa Burundi. Mwaka 1919 Alfred Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana mpaka, na Bugufi ikaangukia Tanganyika. Gisaka ya Rwanda nayo ilikatwa, kwa sababu Waingereza walitaka njia ya reli. Mwami Musinga wa Rwanda na mmisionari Léon Classe wakalalamika, ikarudishwa mwaka 1924. Bugufi haikurudi. Basi Waingereza wakatangaza kwamba wanatawala kupitia mila, baada ya kuikata mila yenyewe kichwa.

Tangu 1923 Lugard alikuwa mjumbe huko Geneva katika tume ya Umoja wa Mataifa wa enzi hiyo, iliyosimamia makoloni yaliyonyang'anywa Wajerumani, Tanganyika na Ruanda-Urundi zikiwamo. Mjumbe wa Ubelgiji mezani hapo alikuwa Orts yuleyule.

Lugard alifariki mwaka 1945. Utawala wa machifu Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mstari wa Milner na Orts haukufutwa: Mhangaza anayevuka Kabanga kwenda Burundi anakaguliwa karatasi zake, kisha anaendelea na safari akielewana na wenyeji bila mkalimani.