Kamera mbili za mifumo tofauti: faida na hasara zake

Wadau, wengi mnaniuliza kwa nini natembea na kamera mbili zisizofanana. Ngoja niwape darasa fupi.

Mfumo ni bodi, lenzi, flashi na betri zinazoingiliana. Mimi ninayo miwili: Canon EF, iliyoanza 1987, na Micro Four Thirds, iliyotangazwa 2008 na Olympus na Panasonic.

Canon yangu ni fulufremu, sensa yake milimita 36 kwa 24. Inanasa mwanga mwingi, kwa hiyo ndiyo ya harusi, maana kumbi zetu giza tupu. Ile nyingine sensa yake ni 17.3 kwa 13, eneo dogo karibu mara nne, na gizani inaleta chenga. Ila uwanjani ni mwisho! Lenzi ya milimita 300 inavuta kama ya 600 kwenye fulufremu, na mzigo wake mwepesi, unapanda nao daladala bila tabu.

Hasara sasa. Mwaka jana kwenye sendofu moja betri ya fulufremu ilikata keki haijakatwa. Kucheki begi, betri ya akiba niliyobeba ni ya ule mfumo mwingine. Nikamalizia na kamera ndogo, picha za keki chenga tupu. Nilimrudishia mama wa bibi harusi nusu ya hela, na aibu juu.

Kwa hiyo mdau, mfumo wa pili siyo akiba. Kama unakula kwa harusi, nunua kwanza bodi ya pili na betri za mfumo uleule. Mwingine utafuata.

Wewe unatumia ngapi? Tiririka hapo chini.