Mshale wa oili na Mfaransa Bourdon

Leo si habari za baridi wala za boksi. Mzee jirani yangu ana MGB, gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na mshale wa presha ya oili ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Geji yake haitumii umeme. Oili yenyewe inapanda kwa paipu nyembamba mpaka nyuma ya dashibodi, inaingia kwenye kibomba bapa kilichopindwa. Presha ikizidi, kibomba kinataka kunyooka, kinavuta mshale. Aliyekisajili ni Eugène Bourdon wa Paris, mwaka 1849, enzi za boila za mvuke kulipuka na kuua watu. Kabla yake walipima kwa nguzo za zebaki, ndugu wa zile mashine zetu za zamani za presha ya damu! Na geji ya mtungi wa oksijeni wodini ni kibomba hicho hicho.

Basi, mshale ukilala, zima injini kwanza. Angalia oili kwa kijiti, kisha funga geji nyingine unayoiamini. Kwa mzee, presha ilikuwa safi. Paipu ndiyo iliyoziba uchafu. Fundi akaizibua, akabadilisha na washa ya ngozi, mshale ukapanda.

Mjomba, najua utasema "geji mbovu tu hiyo". Lile gari la shamba usiliwashe tena mpaka fundi apime. Injini bila oili inakufa kwa dakika chache, na pesa ya injini nyingine mwaka huu sina.