Kabla ya ZSM-5, kulikuwa na mzee Ipatieff

Wasee, kabla mtu awaambie zeolaiti ndiyo baba yao, msikieni Vladimir Ipatieff. 1930 alitoka Urusi ya Stalin, wanasayansi wenzake wakishikwa, na hakurudi. Akiwa UOP kule Chicago, akaloweka asidi ya fosforasi kwenye udongo wa diatomu. Kwa kichocheo hicho, gesi za olefini nyepesi zikaungana zikawa petroli. Kwao? 1936 Akademia ikamfukuza.

Ukweli usemwe: asidi yake maji yakizidi inakuwa uji, na ikichoka ni ya kutupa tu. ZSM-5 ya Mobil, ya miaka ya 70, ikishika masizi unayachoma, inarudi kazini, na dizeli inatoa poa. Lakini Sasol, Secunda, wametumia ya mzee miaka na miaka. Mimi niko upande wake.