Spika, Sebule na Sikio: Historia Fupi ya Usikilizaji wa Redio ya Kiswahili katika Mwambao wa Rumonge

Utangulizi

Katika Kiswahili, istilahi "kipaza sauti" hubeba vifaa viwili vyenye kazi zinazopingana: kile kinachopokea sauti ya msemaji na kile kinachoitoa kwa msikilizaji. Watumiaji wa lugha wameutatua utata huo kwa kukiita kifaa cha pili "spika", ijapokuwa neno hilo nalo hugongana na Spika wa Bunge. Utata huu unaakisi pengo katika historia ya utangazaji. Mtangazaji na mtambo wa kurushia matangazo vimeandikiwa mengi. Spika na chumba ambamo neno hulifikia sikio vimeandikiwa machache. Makala haya yanalitazama pengo hilo kutoka Kigwena na Rumonge, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Yanadai kwamba ubora wa sauti sebuleni ni suala la sera ya lugha, wala si anasa ya wapenzi wa muziki.

Kutoka Ujiji hadi redio ya betri

Kiswahili kiliufikia mwambao huu kwa biashara ya ziwani iliyopitia Ujiji katika karne ya 19. Redio ilijengwa juu ya msingi huo. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwezi Juni 1939, na Sauti ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 1951. Kusini mwa ziwa hilohilo, Rhodesia ya Kaskazini ilipata mwaka 1949 redio ya betri iliyoitwa Saucepan Special, ambayo iliuzwa pauni 5 bila betri. Kasha lake la metali lilitokana na umbo la sufuria, na ndani yake mlikuwa na spika moja ndogo.

Udogo huo haukuwa hasara kwa usemi. Spika ya aina iliyoenea duniani, ambayo Rice na Kellogg waliieleza mwaka 1925, husukuma hewa kwa koni inayotikiswa na koili iliyo ndani ya sumaku. Koni ndogo husukuma hewa kidogo, hivyo besi yake ni hafifu. Hata hivyo, simu ya kawaida ilipitisha masafa ya Hezi 300 hadi 3,400 tu, na watu wakaelewana. Maana ya neno haikai katika besi. Sehemu kubwa ya tofauti za konsonanti imo katika masafa ya kati na ya juu.

Mwaka 1972 na kizazi cha redio

Machafuko yaliyoanza Aprili 1972 katika Rumonge na maeneo jirani ya kusini, pamoja na mauaji makubwa yaliyofuata nchini, yaliwatawanya Warundi wengi hadi Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto waliokulia huko walikua katika nchi ambamo Radio Tanzania ilikuwa chombo cha elimu. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwafikia takriban watu milioni 2 kwa vikundi vilivyokusanyika mbele ya redio. Ikumbukwe kwamba vikundi hivyo vilikuwa pia na vitabu na viongozi wa majadiliano. Neno lililopotea kwenye spika liliweza kuokolewa na ukurasa au na jirani. Msikilizaji wa leo aliye peke yake sebuleni hana msaada huo.

Sabufa na chumba

Wengi waliorejea baadaye walikuja na Kiswahili, na wakawakuta wenzao ambao Kirundi ndicho msingi wa usikivu wao. Hapa ndipo chumba kinapoingia. Sebule ya kawaida ya mwambao ina sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la mabati lisilo na dari. Mwaka 1895, Wallace Sabine wa Harvard alianza kupima mwangwi wa ukumbi wa mihadhara kwa kuingiza humo mito ya viti; kadiri mito ilivyoongezeka, ndivyo mwangwi ulivyofupika. Sebule tupu ni ukumbi ule kabla ya mito: irabu iliyotangulia bado inavuma wakati konsonanti inayofuata inawasili.

Sabufa iliyowekwa pembeni huzidisha tatizo, kwani pembe za chumba huikuza besi, na besi nzito hufunika sauti dhaifu. Kwa arusi, sabufa ina nafasi yake. Kwa somo la lugha, inaficha kile kinachofundishwa. Kirundi cha asili hakitofautishi /l/ na /r/, wala hakina /th/ na /dh/ za Kiswahili. Mwanafunzi wa Kigwena anayepaswa kutenga "kula" na "kura", "mahali" na "mahari", au "thamani" na "samani" hutegemea chembe ndogo ya sauti. Chumba kikiimeza, mwalimu atadhani kosa ni la ulimi. Mvuvi wa ndagala mwenye redio ndogo ndani ya mtumbwi, injini ikiwa imezimwa, huenda anasikia usemi vizuri zaidi, kwa kuwa hana kuta zinazomrudishia mwangwi.

Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wanunuzi wa redio za masomo wazijaribu kwa jozi za maneno kama hizo hapo juu, badala ya kuzipima kwa wimbo na kwa ukubwa wa besi. Pili, wasikilizaji waelekezwe kuiweka spika mbali na pembe, usawa wa masikio, na kukaa karibu nayo. Mkeka mwembamba husaidia kidogo, ilhali godoro, makochi ya sponji na mapazia mazito husaidia zaidi. Tatu, madarasa na kumbi za wasikilizaji zijengewe dari, kwa kuwa mvua juu ya mabati hunyamazisha kipindi chochote. Pasipo dari, kipindi kirudiwe saa nyingine.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kiswahili kinatarajiwa kuwaunganisha raia wake na majirani. Sera inayohesabu saa za matangazo bila kuuliza ni nini kinachosikika imehesabu nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni mita chache kutoka spika hadi sikio.