«Mutu hatembei bure mu pori»: historia ya kutembea kwa miguu hapa Kisangani

Jumapili moja ya mwezi wa nane tulitoka mjini watu watatu, tukavuka daraja la Tshopo na kushika njia ya zamani ya Buta. Tulikuwa tunaenda Masako, kilometa 14, kwa miguu, na hakuna jambo la lazima lililotupeleka. Hatukuwa na mgonjwa huko, hatukuenda kwenye kilio, hatukutafuta makala ya kununua. Karibu na Batiabongena mama mmoja mwenye kitunga cha majani ya mangungu mgongoni akatusimamisha. Alitusalimia vizuri, kisha akauliza: «Batoto, munatafuta nini?» Mwenzetu akajibu: «Hatutafuti kitu, mama. Tunatembea tu, tunaangalia pori.» Mama akacheka mpaka akatua kitunga chini. Akasema: «Mutu hatembei bure mu pori.»

Neno lile lilinikaa kichwani safari nzima, na ndilo limenifanya niandike kurasa hizi. Katika vitabu vya mila zetu tumeandika juu ya ndoa, juu ya uvuvi wa Wagenia, juu ya ngoma na matanga. Juu ya kutembea hatujaandika, labda kwa sababu kila mtu anatembea. Lakini kutembea nako kuna historia yake, na ya kwetu ni nzito.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili kutembea ni kwenda kwa miguu, na tena ni kwenda kumwona mtu: «nitakuja kutembea kwako». Kilingala nacho kinasema kotambola kwa kutembea na kwa kusafiri pia. Maana yake, mwisho wa njia kuna mtu, au kuna kazi. Kwa kwenda tu kupunga hewa na kuangalia miti na mayi yanavyoanguka, sisi Waboyoma tunasema tunaenda «promenade», na neno hilo ni la kuazima. Sisemi kwamba wazee wetu hawakupenda pori. Walilijua kuliko sisi, na mtu anayejua jina la kila mti hawezi kuwa hakuupenda hata mmoja. Ila furaha yao ilikuwa ndani ya kazi: mwindaji anasimama kusikiliza, mama anapumzika kando ya kijito kabla ya kubeba tena.

Na Kiswahili chenyewe kilifika hapa kwa miguu. Kilitoka pwani na misafara ya pembe za ndovu, kikapita Ujiji, kikavuka ziwa Tanganyika, kikakaa Nyangwe na Kasongo, kisha kikashuka pamoja na mto. Mwaka 1876 Tippu Tip alimsindikiza Stanley kutoka upande wa Nyangwe, akarudi njiani; Stanley aliendelea, na mwezi wa kwanza 1877 akapita maporomoko saba ambayo baadaye yaliitwa kwa jina lake. Mwezi wa kumi na mbili 1883 alirudi na kuweka kituo hapa. Mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe akawekwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Katika mambo hayo yote tunasoma majina ya wakubwa. Waliotembea kweli, yaani wapagazi wenye pembe begani na wanawake wenye masufuria na watoto, majina yao hayakuandikwa. Sisi tunaosema Kiswahili upande huu wa mto tunasema lugha ya miguu yao.

Kwenye maporomoko mashua haikuweza kupita. Mizigo ilishushwa, ikabebwa kando ya mto, au ikapitishwa kwa mitumbwi na watu waliojua mawe ya mayi kama Wagenia. Mwaka 1906 reli ya kwenda Ponthierville, leo Ubundu, kilometa 125, ilimaliza sehemu ya mateso hayo. Sehemu tu, kwa sababu wakati ule mateso mengine yalikuwa yamekwisha kuingia porini: mpira.

Hapa lazima tusimame kidogo. Mpira wa wakati wa Leopold II haukuwa wa mashamba, ulikuwa utomvu wa kamba za porini. Kamba za karibu na kijiji zikikatwa na kuisha, mwanaume anakwenda mbali zaidi, siku mbili, siku tatu, analala chini ya miti, huku mke wake amefungwa kituoni mpaka kitunga kijae. Namna hiyo pori lililokuwa nyumba likageuka kuwa deni. Nafikiri ndiyo sababu moja ya kicheko cha yule mama, hata kama yeye mwenyewe hakuwaza mpira hata kidogo. Mtu anayeingia pori bila kutumwa na bila njaa ni mtu wa ajabu kwetu, na ajabu hiyo tumerithi.

Mwaka 1908 Ubelgiji ulichukua nchi kutoka kwa mfalme. Mpira wa lazima ulipungua, ukaisha, lakini mwendo wa watu ukawekwa katika makaratasi. Mtu mweusi aliyetaka kuacha chefferie yake zaidi ya siku 30 alipaswa kuwa na passeport de mutation. Mjini vilevile: cité ya Waafrika huku, mtaa wa Wazungu kule, na usiku usionekane upande wa pili bila karatasi mkononi. Jioni Mzungu wa Stanleyville alitembea kando ya mto na mbwa wake kupunga hewa. Mpishi wake alitembea pia njia ileile, lakini yeye alikuwa anarudi nyumbani kabla ya saa. Njia moja, saa moja, na kutembea kuwili tofauti kabisa.

Na milima? Kisangani haina mlima, tuko karibu mita 400 juu ya bahari na nchi yetu ni tambarare. Lakini mashariki milima iko mingi, na huko ndiko mambo yalikuwa wazi zaidi. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ya mfalme Albert I iliunda Parc Albert kwenye volkeno za Virunga, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika nzima. Mfalme huyo alipenda milima kwelikweli. Hata kifo chake mwaka 1934 kilimkuta akipanda mwamba kule Marche-les-Dames. Parc ikapanuliwa mwaka 1929. Kwa wenye nchi maana yake ilikuwa: mahali pa kuchungia, pa kuwindia na pa kukata miti pamekuwa mahali pa kukatazwa. Mwaka 1932 msafara wa wataalamu wa Ubelgiji, ukiongozwa na Xavier de Grunne, ulipanda Ruwenzori kufika kwenye theluji. Wapagazi wa chini ya mlima waliwabebea mizigo. Mmoja anapanda kwa kupenda, mwingine anapanda na mzigo wa yule anayependa.

Mwaka uleule wa 1932 lilitokea jambo Uingereza ambalo nadhani wasomaji wengi hapa hawajalisikia, na mimi lilinishangaza. Tulifundishwa masomoni kwamba Mzungu kwao alikuwa huru kwenda anakotaka. Sivyo. Kaskazini mwa Uingereza, karibu na mji wa viwanda wa Manchester, kuna mlima mpana unaoitwa Kinder Scout, mita 636. Si mrefu, kwa mtu wa Kivu ni kilima tu. Juu ni uwanja wa majani mafupi, matope meusi na upepo. Wafanyakazi wa viwanda walioshinda wiki nzima katika moshi walitaka kwenda kutembea kule Jumapili. Lakini mlima ulikuwa mali ya matajiri, walioufunga kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale siku chache za mwaka, na walinzi wenye fimbo waliwafukuza watu.

Jumapili tarehe 24 Aprili 1932 vijana mia kadhaa walitoka kijiji cha Hayfield wakapanda kwa makusudi. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Walinzi waliwazuia, wakasukumana, wakafika juu. Waliporudi chini polisi waliwakamata baadhi yao, na watano wakafungwa gerezani, Rothman miezi minne. Kwa kutembea! Kwa sheria kosa lilikuwa fujo, lakini kila mtu alielewa. Baada ya vita, mwaka 1949, sheria ya parc za taifa ilipitishwa kwao, na mwaka 1951 milima hiyohiyo ikawa parc ya kwanza ya Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyofungua milima na nyika za namna ile kwa kila mtembeaji. Mwaka 2002 mtawala wa nyumba ya Devonshire, ambayo mababu zake walikuwa kati ya wenye mlima, alisimama mbele ya watu akaomba radhi.

Tazama basi tofauti. Kwao parc ilikuja kumfungulia mfanyakazi mlango. Kwetu, miaka mingi mbele, parc ilikuja kumfungia mwanakijiji. Neno ni moja, parc nationale, na tunapolitamka mjini kwa heshima tusishangae kwamba watu wa vijijini wanakunja uso.

Masako nayo ina hadithi hiyo, kwa kipimo kidogo. Ni amri ya tarehe 28 Februari 1953 iliyoifanya hifadhi ya msitu, hektari 2105, ndani ya kona kubwa ya mto Tshopo. Leo wanafunzi na walimu wa Fakulte ya Sayansi ya Universite ya Kisangani wanasomea huko panya, ndege, uyoga na miti. Mwenye kupenda pori atapata huko kitu ambacho mjini hakuna. Unapita kwanza mashamba ya mihogo, halafu vichaka vya mashamba ya zamani vyenye miiba na kelele za ndege, halafu bila kuambiwa unaingia chini ya limbali. Limbali ni mti mkubwa wa majani mapana; unapopenda unakaa wenyewe kwa wenyewe, na chini yake kunakuwa giza, kunakuwa baridi, hakuna kichaka. Unatembea kama ndani ya kanisa bila viti. Majani makavu yanalia chini ya kiatu na sauti yako mwenyewe inakuwa kubwa mno, mpaka unaanza kunong'ona.

Lakini limbali inarudi nyuma. Kila mwaka shamba linakula hatua chache, na moshi wa tanuru za makala unaonekana toka barabarani. Makala hayo ni sisi wa mjini tunaoyachoma, ndani ya mbabula zetu, kila asubuhi. Mwanafunzi analalamika kwamba mwanakijiji anaharibu hifadhi. Mwanakijiji anauliza nani alimuuliza babu yake mwaka 1953. Mimi naona wote wawili wana haki, na hilo ndilo tatizo.

Njia hiyo ya Buta ina kumbukumbu nyingine ambayo mtu wa umri wangu hawezi kuipita kimya. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa bunduki nzito, na daraja la Tshopo lilikuwa kati ya mahali palipogombaniwa. Watu walikimbia kwa miguu, wazee juu ya mgongo, watoto kwa mkono. Waliofika porini walilala humo. Baada ya miaka mingi, mwezi wa pili 2022, mahakama ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mambo ya vita vile vyote. Waliolala chini ya miti wakati ule, ukiwaambia leo «twende promenade ya porini», watakuangalia vibaya, na hawana makosa. Tangu 2023 upande wa Lubunga nao umejifunga, kwa mapigano ya Wambole na Walengola. Watu walivuka mto wakiwa na magodoro kichwani. Kutembea kwa kujifurahisha kunahitaji amani kwanza, hata viatu vinakuja baadaye.

Wengine wataniuliza: na Mlima Hoyo? Kweli, wakati mkoa wetu ulikuwa bado Province Orientale, kabla ya kugawanywa mwaka 2015, tulikuwa na mlima wetu, upande wa Komanda, wenye mapango mengi. Katika pango la Matupi, miaka ya 1970, mtaalamu Francis Van Noten alichimba akakuta vyombo vidogo vya mawe vya watu walioishi hapo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Ningependa kupanda huko. Lakini usalama wa njia ile umekuwa mbaya miaka mingi, na siandiki hapa kumtuma mtoto wa mtu kwenye kifo.

Nirudi kwa yule mama. Baada ya kucheka alituuliza kama tunajua tunachokiangalia. Tulinyamaza. Basi akatembea nasi kama nusu saa, kitunga mgongoni, akituonyesha: hii ni fumbwa, imekatwa vibaya haitaota tena, huu mti ukianza kuangusha kinyesi cheusi kidogo chini, mbinzo ziko juu, rudini wiki ijayo, huku musiingie, ni shamba la zamani la shemeji yangu, kuna mitego. Mwenzetu, aliyesoma botanike, aliandika majina ya mama kando ya majina yake ya Kilatini. Mahali pengine mama alikuwa na majina mawili ambapo yeye alikuwa na moja.

Penye njia panda alisimama. Tukampa sabuni tuliyokuwa tumenunua kwa ajili yetu. Akaipokea, akasema: «Sasa munaona? Mulitafuta kitu.» Kisha akashika njia ya kwao. Sisi tulirudi polepole, miguu inauma, tukafika darajani jua likiwa limelala juu ya mayi ya Tshopo, na hakuna hata mmoja aliyetaka kupanda motari.