Usitukane Wakunga: Ukunga na Uzazi wa Nyumbani katika Historia ya Uganda

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Methali hii twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wetu huieleza vilevile: usimdharau mtu ambaye huenda ukamhitaji kesho. Maana hiyo ni sahihi. Walakini, kabla ya kuwa fumbo, methali yenyewe yataja wanawake hasa na kazi hasa. Yafaa basi tuichungue historia ya kazi hiyo hapa Uganda, ambako wakunga wametukanwa, wakaitwa tena, kisha wakakatazwa, hali uzazi ungalipo.

Katika Buganda ya zamani, mwanamke alijifungua nyumbani, au migombani nyuma ya nyumba, akisaidiwa na mwanamke mzima aliyekwisha kuzaa mwenyewe. Wakunga hao kwa Kiganda huitwa abalerwa. Mja mzito alipewa emumbwa, yaani udongo uliofinyangwa pamoja na mitishamba, ukasuguliwa kidogo kidogo katika maji na kunywewa. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda kilichotolewa mwaka 1911, asimulia kwamba kondo la nyuma liliwekwa penye shina la mgomba: mgomba wa ndizi za pombe ikiwa mtoto ni wa kiume, na wa ndizi za kupika ikiwa ni wa kike. Uzazi basi haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Ulikuwa shughuli ya ukoo na shamba lake.

Wala ujuzi haukukosekana. Mwaka 1879 Robert Felkin, mgeni kutoka Uingereza, alishuhudia huko Bunyoro mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Kwa maelezo yake, mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akalifunga jeraha kwa pini za chuma na nyuzi. Felkin alipoondoka siku kadha baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Lakini tusiipambe historia. Upasuaji wa namna ile haukumfikia kila mama, na mkunga aliyekuwa peke yake usiku hakuwa na njia ya hakika ya kuzuia damu imwagikayo baada ya kuzaa. Mama alifariki, na mkunga hakuwa na la kufanya.

Mwaka 1897 daktari Albert Cook alifungua hospitali huko Mengo. Muuguzi Katharine Timpson, aliyeolewa naye mwaka 1900, alikuwa mwenzi wake wa kazi. Baada ya vita vya 1914–1918 ilianzishwa shule ya wakunga kilimani Namirembe, ikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana walijifunza kuosha mikono, kuchemsha vyombo, kukata kitovu kwa usafi ili mtoto asipatwe na pepopunda, na kutambua mapema uzazi utakaokuwa mgumu. Kisha walipelekwa katika vituo vya mashambani. Kilitungwa hata kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: kuzalisa ni ndugu wa kuzalisha.

Pamoja na elimu hiyo njema ilikuja dharau. Wakoloni walitishwa na vifo vya watoto wachanga, tena waliamini kwamba kaswende imeenea kuliko ilivyokuwa kweli. Lawama wakawatwika akina mama na mila zao. Mkunga wa kijijini alihesabiwa kuwa mchafu na mjinga. Aliyechaguliwa kusomeshwa hakuwa yeye, bali msichana aliyetoka shule ya misheni. Mwenye uzoefu hakufundishwa usafi, na mwenye usafi hakukaribishwa kuurithi uzoefu.

Fikira hizo zilianza kubadilika mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata ulipotamka kwamba wataalamu wa jadi nao wana nafasi katika huduma ya afya ya msingi. Katika nchi nyingi wakunga wa jadi walipewa mafunzo na vifaa. Mwaka 1996, wilayani Iganga, mradi mmoja uliwapa redio za mawasiliano ili wakiona hatari waite kituo cha afya na gari la wagonjwa. Lakini mahali pengi mafunzo hayakufuatwa na gari, wala damu, wala daktari wa kupasua, na vifo vya akina mama havikupungua kama ilivyotarajiwa. Mashirika ya kimataifa yakageuka, yakasisitiza wahudumu waliosomea kazi. Mwaka 2010 serikali ya Uganda ikawakataza wakunga wa jadi kuzalisha.

Hatuna budi kukiri kwamba hospitali imeokoa wengi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto 57 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2016 ulionyesha 73. Makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka kutoka 438 hadi 336 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hata hivyo, zaidi ya robo ya watoto walizaliwa kwingine baada ya katazo. Sababu twazijua: kituo ki mbali, mama hutakiwa aje na glavu na pamba zake, na mara nyingine hupokewa kwa maneno makali. Mkunga wa jadi huja usiku, naye humwita mama kwa jina.

Lugha yetu ina vitenzi viwili vya jambo hili. Kuzalisha ni kazi ya msaidizi. Kujifungua ni kazi ya mama mwenyewe. Kosa la wakoloni lilikuwa kutazama kitenzi cha kwanza tu, na kosa letu lingekuwa kudhani kwamba cha pili chatosha bila cha kwanza.

Basi tuifundishapo methali hii, tukumbuke kwamba muuguzi wa wodini naye ni mkunga. Asitukanwe, wala asimtukane mzazi aliyefika mlangoni pake, wala kikongwe aliyemsindikiza. Mama aliyetukanwa leo, uchungu ujao atabaki nyumbani.